Fundi Anayepima Kabla ya Kufungua: Tathmini ya Huduma ya Vioo na Kamera za Simu, Mtaa wa Aggrey, Kariakoo

Kwa mtu anayeuza vitambaa kwa picha, simu inayokosea rangi ni hasara ya moja kwa moja. Mteja wa Mwanza au Mbeya huchagua kitenge cha damu ya mzee kwenye WhatsApp, hulipa, hupokea mzigo wake stendi ya mabasi, kisha huandika kwa masikitiko kwamba alichoagiza sicho alicholetewa. Tathmini hii inahusu kibanda kimoja cha fundi simu kilichoko Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, ambako nilipeleka simu yangu baada ya malalamiko ya namna hiyo kuzidi. Jina la fundi nimeliacha kwa ombi lake mwenyewe, kwa kuwa nafasi yake ni finyu na wateja alionao wanamtosha. Ninachotaka kukieleza ni namna anavyofanya kazi, kwa sababu alikataa kushika bisibisi hadi alipojua kama simu inakosea katika kuona au katika kuonyesha, na kwa maoni yangu huo ndio msingi wa kutatua tatizo lolote la rangi kwenye simu.

Simu yenyewe ni Samsung Galaxy A52, toleo lililotoka Machi 2021, yenye kioo cha Super AMOLED (aina ambayo kila pikseli hutoa mwanga wake yenyewe) cha inchi 6.5 na kamera kuu ya megapikseli 64. Kioo chake cha awali kilipasuka, nikawekewa kingine katika duka moja la mjini ambalo lilinihakikishia kwamba ni orijino. Tangu wakati huo nyeupe ikawa na ubuluu, nyekundu ikapooza, na sehemu ya kusomea alama ya kidole ikaacha kufanya kazi. Karibu na kipindi hichohicho picha zangu zikaanza kutoka na ukungu mwepesi kila palipokuwa na taa au dirisha karibu na kitambaa. Kasoro mbili zinapokuja pamoja namna hiyo, mwenye simu hushindwa kujua ipi inasababisha nini, na mafundi wengi huitumia hali hiyo kumuuzia kioo na kamera kwa pamoja.

Hatua ya kwanza ya fundi huyu haikuhitaji kifaa chochote cha gharama. Alipiga picha ya karatasi nyeupe pamoja na kipande cha kitenge kwa simu yangu, akaituma kwenye kompyuta yake na kwenye simu nyingine mbili zilizokuwa mezani, akazipanga zote kando ya kitambaa chenyewe chini ya taa moja. Kisha akafanya kinyume chake, yaani picha ya kitambaa kilekile iliyopigwa na simu nyingine akaifungua kwenye simu yangu. Picha iliyopigwa na simu yako ikionekana sawa kwingine lakini mbaya kwako, kosa ni la kioo. Ikionekana mbaya kila mahali, kosa ni la kamera au la mwanga uliotumika. Na picha nzuri ya simu nyingine ikiharibika inapofunguliwa kwako, hapabaki tena ubishi kuhusu kioo. Kwa simu yangu majibu yalikuja mawili: kioo kilikuwa kinapotosha kila picha, na kamera nayo ilikuwa na tatizo lake dogo lisilohusiana kabisa na kioo.

Hapo kuna madhara ambayo sikuyaona yakielezwa mahali pengine na ambayo yanawahusu wauzaji wote wa mtandaoni. Anayehariri picha kwenye kioo chenye ubuluu huongeza unjano hadi picha imridhishe machoni, na akishaituma, mwenye kioo kizima huiona ya njano kupita kiasi. Kosa la kuonyesha hugeuka kuwa kosa la picha, na kuanzia hapo hata kamera nzima huanza kushukiwa. Fundi alinitaka nimfungulie picha nilizozituma kwa wateja bila kuzihariri na zile nilizozihariri, akaziweka sambamba kwenye kompyuta, na tofauti ikaonekana wazi bila ya maelezo marefu.

Alinieleza pia jambo kuhusu picha ya skrini ambalo kila mwenye simu angefaa kulijua. Watu wengi humtumia fundi picha ya skrini kama ushahidi kwamba kioo kimeharibika, ilhali picha hiyo huundwa ndani ya simu kabla rangi hazijafika kwenye kioo, hivyo doa la njano, mstari wa kijani au ubuluu wa kioo hautaonekana humo hata kidogo. Hali hiyo inaweza kutumika kama kipimo: mstari unaoonekana pia katika picha ya skrini iliyofunguliwa kwenye simu nyingine umetokana na programu au na saketi za ndani zinazochora picha, na mstari usioonekana humo ni wa kioo chenyewe au wa fleksi, yaani utepe wa nyaya unaokiunganisha na bodi. Ni kipimo ambacho mtu anaweza kukifanya akiwa nyumbani, kabla ya kulipa nauli ya kwenda Kariakoo.

Baada ya hapo alipita kwenye mipangilio yote inayoweza kugeuza rangi kwa makusudi, na hapa ndipo uaminifu wake ulipodhihirika zaidi. Simu za siku hizi zina vichujio vingi vinavyowashwa na mtoto aliyeichezea simu, au na ratiba iliyowekwa zamani ikasahaulika. Kipo kichujio cha kulinda macho, ambacho hupunguza mwanga wa buluu na kuifanya nyeupe iwe ya njano ifikapo jioni. Kwenye iPhone kazi hiyo hufanywa na Night Shift iliyokuja na iOS 9.3 mwaka 2016, huku True Tone, iliyofika kwenye iPhone kwa mara ya kwanza katika iPhone 8 na iPhone X mwaka 2017, ikibadilisha weupe wa skrini kufuatana na mwanga wa mahali simu ilipo. Upo pia usahihishaji wa rangi kwa ajili ya watu wenye upofu wa rangi, upo ugeuzaji wa rangi unaofanya nyeupe kuwa nyeusi, na katika sehemu ya wasanidi programu kuna chaguo la kuigiza upofu wa rangi ambalo likiachwa limewashwa huifanya skrini yote ionekane mbovu.

Nikiwa hapo alifika mama mmoja mwenye simu iliyokuwa ya kijivu tupu, akiwa amekwisha kuambiwa kwingine kwamba kioo kimekufa. Fundi aliomba ruhusa, akafungua sehemu ya kudhibiti matumizi ya simu, akazima hali ya wakati wa kulala iliyokuwa imewekwa kuondoa rangi zote kwenye skrini, na rangi zikarudi palepale. Alimrudishia simu na kumwambia, "Mama, kioo chako ni kizima, nenda tu." Hakumtoza chochote. Ninaamini kwamba kitendo kile ni kipimo kizuri cha huduma kuliko bango lolote, kwa sababu kioo kingeuzwa pale bila mteja kujua kwamba hakukihitaji.

Kwa simu za Samsung kuna mpangilio mmoja zaidi ambao wauzaji wa bidhaa za rangi wanapaswa kuuelewa. Skrini huja ikiwa katika hali ya rangi kolezi, ambayo huongeza ukali wa rangi ili picha zivutie, na ipo hali ya rangi asilia ambayo hukaribia kiwango cha rangi kiitwacho sRGB kilichowekwa na HP na Microsoft mwaka 1996, ambacho ndicho picha nyingi za mtandaoni hutegemea. Katika hali kolezi, kanga ya kijani kibichi huonekana inawaka kuliko ilivyo. Kwa mtu anayetazama video za muziki, hali hiyo haina ubaya. Kwa mtu anayeahidi rangi kwa mteja, hali ya asilia ndiyo ya kukaa nayo, ingawa siku za mwanzo macho huiona kama imefifia. Watumiaji wa Pixel 2 XL, simu ya Google, walilalamika hivyohivyo mwaka 2017 kwamba rangi zake zimepooza, mpaka Google ikaongeza hali ya rangi kolezi kwa sasisho, na baadhi ya malalamiko hayo yalitokana na macho yaliyozoea rangi zilizotiwa chumvi.

Mipangilio ilipokwisha, zamu ikawa ya kioo. Fundi alibonyeza *#0*# kwenye sehemu ya kupigia, nambari ambayo katika simu nyingi za Samsung hufungua ukurasa wa majaribio wenye vitufe vya kujaza skrini kwa rangi moja moja. Nyekundu ilitoka hafifu, ikielekea rangi ya chungwa, na buluu ikatoka na nguvu isiyo ya kawaida. Kisha akaonyesha picha nyeusi tupu, akaifunika simu kwa kitambaa kizito na kuniambia nichungulie. Kioo cha AMOLED huzima kabisa pikseli zinazoonyesha weusi, kwa hiyo gizani hakuna kitu kinachopaswa kuonekana. Nilichokiona ni mng'ao wa kijivu chenye ubuluu uliotanda skrini nzima, mkali zaidi kwenye kingo za chini. Huo ulikuwa mwanga wa taa ya nyuma, na AMOLED haina taa ya nyuma.

Uthibitisho wa mwisho ulitoka kwenye hadubini anayoitumia kuchomelea vipuri vidogo. Aliweka juu ya meza yake kioo kilichopasuka cha simu nyingine ya Samsung kilichokuwa bado kinawaka, akanipa nafasi nitazame. Vidoti vya kijani vilikuwa vidogo na vingi, vyekundu na vya buluu vikiwa vikubwa zaidi lakini nusu ya idadi ya vile vya kijani, vyote vimepangwa kimshazari kwa umbo la almasi huku weusi mtupu ukiwa katikati yake. Kisha akaisogeza simu yangu chini ya lenzi ileile. Palikuwa na vijistari vitatu vilivyonyooka, chekundu, cha kijani na cha buluu, vimebanana na kujirudia safu kwa safu bila mshazari wowote. Ule ulikuwa mpangilio wa LCD, aina ya kioo kinachotegemea taa ya nyuma. Kioo nilichouziwa kama orijino kilikuwa kopi ya LCD ambayo mafundi huiita TFT, teknolojia tofauti kabisa na ile ambayo simu ilitengenezwa nayo.

Hapo na suala la alama ya kidole likapata jibu. Duka lililoniwekea kioo lilikuwa limeniambia kwamba sensa iliharibika simu ilipoanguka. Ukweli ni kwamba A52 husoma kidole kwa mwanga: pikseli za kioo humulika kidole, na sensa iliyo chini ya kioo hupokea mwanga unaorudi kupitia kwenye paneli. Kopi ya TFT ina tabaka la taa nyuma yake ambalo huziba njia hiyo, hivyo sensa iliyo nzima kabisa hubaki gizani. Kwa yeyote anayebadilishiwa kioo kwenye simu yenye alama ya kidole chini ya skrini, kulijaribu jambo hilo mbele ya fundi kabla ya kulipa ni njia ya haraka ya kujua amewekewa nini. Na kwa yeyote anayeuza kopi, sioni sababu ya kutomwambia mteja ukweli, kwani wapo wengi ambao wangeichagua kopi kwa hiari yao kwa sababu ya bei. Kinachoumiza ni kuilipia kwa jina la orijino.

Nilimuuliza kama ubuluu ule ungeweza kurekebishwa kwa programu, maana kwenye simu kuna kipimo cha kusogeza weupe kati ya ubaridi na ujoto. Alinijibu kwamba inawezekana kupunguza, lakini si kuponya. Viwanda hupima paneli na kuzirekebisha ili nyeupe yake ikaribie kiwango kinachoitwa D65, yaani mwanga wa mchana wa takriban Kelvini 6500, na marekebisho hayo hufanywa kwa ajili ya paneli iliyotoka na simu. Kopi haina marekebisho ya namna hiyo, na nyekundu ambayo paneli haina uwezo wa kuitoa haiwezi kuongezwa na programu yoyote. Kwa upande wa iPhone alinionyesha jambo linalofanana nalo: kioo kikibadilishwa bila kuhamishia data za kioo cha zamani, chaguo la True Tone mara nyingi hutoweka, na kutoweka huko ni dalili ambayo mnunuzi wa iPhone iliyotumika anapaswa kuitafuta.

Kuna kasoro za kioo ambazo aliniambia waziwazi kwamba hazitengenezeki, na ninamheshimu kwa kusema hivyo. Katika AMOLED, vidoti vya buluu huchoka mapema kuliko vingine, kwa hiyo kioo cha miaka mingi huelekea unjano, na maandishi yaliyokaa mahali pamoja kwa muda mrefu huacha kivuli. Mistari ya kijani au ya waridi inayokata skrini kutoka juu hadi chini kwa kawaida hutokana na kuharibika kwa muunganisho ulio kwenye paneli yenyewe, na kuibonyeza simu kwa kidole hadi mstari upotee ni kuahirisha tu. Lakini si kila ukijani ni kifo cha kioo: mwaka 2020 baadhi ya simu za Galaxy S20 Ultra zilionyesha ukijani baada ya sasisho, na sasisho jingine likauondoa. Kwa hiyo swali la kwanza ambalo fundi humuuliza mteja wa aina hiyo ni lini tatizo lilianza na kama simu ilisasishwa au ilianguka siku hiyo.

Kwa kamera, utaratibu ulikuwa uleule wa kuanza nje kabla ya kuingia ndani. Alibandua protekta ya kamera niliyokuwa nimeweka, ile ya kioo kimoja kinachofunika lenzi zote, akapiga picha ileile ya kitambaa kando ya taa, na ukungu ukapungua kwa kiasi kikubwa palepale. Lenzi ya simu hupakwa tabaka jembamba la kuzuia mwakisiko, na protekta nyingi za bei nafuu hazina tabaka hilo, hivyo mwanga hugonga huku na huku kati ya vioo viwili na kuacha utando unaofubaza rangi zote, na usiku flashi ndiyo huzidisha. Hali ni hiyohiyo kwa kioo cha nje cha kamera kinachobadilishwa kwa kipande cha bei ya chini baada ya kupasuka. Ukungu uliobaki ulitokana na mafuta na vumbi lililojipenyeza chini ya protekta, ambalo alilisafisha kwa kitambaa laini kisicho na nyuzi. Hakuna kamera iliyobadilishwa, na hakuna iliyohitaji kubadilishwa.

Kwa ajili ya kunieleza alinionyesha pia kamera iliyokuwa mbovu kweli, kwenye simu ya mteja mwingine, ambayo ilitoa weusi wa nguo ukiwa na uzambarau. Ndani ya kamera ya simu, kati ya lenzi na sensa, kuna kichujio kinachozuia miale ya infraredi ambayo jicho haliioni lakini sensa huiona. Kichujio hicho kikipasuka au kuteguka, vitambaa vyeusi vya aina fulani hugeuka vya zambarau na majani hupauka. Alichukua rimoti ya televisheni, akaielekeza kwenye kamera ile na kubonyeza kitufe: taa ya rimoti ilionekana kwenye skrini ikiwaka kwa nguvu, wakati kamera kuu ya simu yangu iliionyesha kwa shida. Kipimo hiki kinahitaji uangalifu, kwa sababu kamera nyingi za mbele huiona rimoti hata zikiwa nzima. Kinafaa pale tu unapolinganisha kamera ya aina moja na nyingine ya aina hiyohiyo.

Lakini sehemu iliyonisaidia zaidi kibiashara ilihusu mwanga, ambao wala haumo ndani ya simu. Kamera hukisia rangi ya mwanga uliopo na kuirekebisha ili nyeupe ibaki nyeupe, na makisio hayo hukwama katika mazingira ambayo soko letu limejaa. Turubai la buluu lililotandazwa juu ya meza ya biashara huchuja jua na kumwaga ubuluu juu ya kila kitu kilicho chini yake. Taa ya njano ya dukani ni ya takriban Kelvini 2700 hadi 3000, ilhali mwanga wa jua unaoingia mlangoni hukaribia 5500, na kitambaa kilichotandazwa kati ya viwili hivyo huwa na rangi mbili upande huu na ule. Hakuna kamera inayoweza kurekebisha pande zote mbili kwa mara moja. Na kitenge chekundu kinachojaza fremu nzima huifanya simu idhani kwamba wekundu ule ni wa taa, ikaupunguza, na damu ya mzee ikatoka kama hudhurungi iliyochoka.

Dawa yake ni rahisi, na fundi alinifundisha palepale. Mtu aweke kipande cha karatasi nyeupe au cha kijivu kando ya kitambaa ili kamera ipate kitu cha kulinganishia, apige picha kivulini mchana karibu na mlango huku taa za ndani zikiwa zimezimwa, na kama simu ina hali ya kitaalamu, kama ilivyo A52, aufunge weupe kwenye namba moja ya Kelvini badala ya kuiachia simu ikisie kwa kila picha. Azime pia kiboreshaji cha mandhari, ambacho kikitambua ua au chakula huongeza ukolezi wa rangi bila kuulizwa. Mistari ya giza inayopita kwenye picha au video dukani haitokani na kamera mbovu: umeme wetu ni wa hezi 50, taa nyingi za LED na tyubulaiti humemeta mara 100 kwa sekunde, na kasi ya kamera isiyowiana na mmemeto huo huacha michirizi. Katika hali ya kitaalamu, kasi ya 1/50 au 1/100 huiondoa.

Wauzaji wa madera wanaojipiga picha wakiwa wamevaa nguo wana tatizo la ziada, kwamba programu nyingi za kamera hung'arisha ngozi nyeusi na pamoja nayo hung'arisha nguo. Ni vyema kwamba watengenezaji wameanza kulishughulikia, Google kwa Real Tone kuanzia Pixel 6 ya mwaka 2021, na Tecno kwa Universal Tone kwenye mfululizo wa Camon. Hata hivyo, kwa simu iliyopo mkononi, kuzima urembo wa uso na kushusha mwangaza kidogo kabla ya kupiga hutosha mara nyingi.

Kioo orijino cha AMOLED kiliagizwa, kikafika baada ya kungojewa, na gharama yake ilikuwa karibu mara tatu ya kile cha kopi. Fundi alinifungulia boksi mbele yangu, akakiunganisha kwa fleksi bila gundi kwanza, akarudia majaribio ya rangi, ya giza na ya alama ya kidole, kisha ndipo akakibandika. Ada ya kupima ni shilingi 5,000, nayo hukatwa kwenye bei ya kazi iwapo mteja ataamua kuendelea. Nyeupe sasa ni nyeupe, kidole kinasomwa, na picha ninayoiona kwenye simu inalingana na inayoonekana kwenye kompyuta kwa kiwango kinachoniwezesha kumwambia mteja rangi kwa ujasiri.

Yapo mambo ambayo sikuridhika nayo. Dhamana anayoitoa inahusu tachi na kioo kutowaka, lakini haisemi lolote kuhusu rangi, ingawa rangi ndiyo utaalamu wake. Kioo kikianza kugeuka baada ya miezi michache, mteja hana karatasi ya kushika. Risiti yake haionyeshi aina ya kioo kilichowekwa, nami nililazimika kumwomba aandike neno AMOLED kwa mkono. Hakuniambia mpaka nilipouliza kwamba A52 iliyofunguliwa haiwezi tena kutegemewa kwa kinga yake ya maji ya IP67, hata ikibandikwa vizuri, na kwa watu wanaoishi pwani, ambako unyevu ukiingia huacha ukungu ndani ya lenzi, hilo lilipaswa kusemwa mwanzo. Pia huomba nywila ya simu inapobaki kwake usiku. Ninashauri kila mmoja asubiri kazi ifanyike mbele yake, au akitumia Samsung yenye hali ya matengenezo, aiwashe kabla ya kuiacha, ili picha na ujumbe wake vifungwe.

Kibanda hakina foleni iliyopangwa, na ifikapo mchana watu husongamana kiasi kwamba vipimo vya mwanga havifanyiki vizuri, kwa hiyo asubuhi ndiyo saa nzuri ya kwenda. Anayekwenda kwa tatizo la rangi abebe kitu halisi anachokijua rangi yake, awe na picha chache ambazo hazijahaririwa, na aondoe protekta ya kamera iliyochakaa kabla ya kufika. Kwa simu yangu limebaki jambo moja ambalo fundi hakuahidi kulitibu: kamera pana ya A52 ina sensa yake tofauti, ya megapikseli 12, na rangi zake hazilingani na za kamera kuu hata chini ya mwanga uleule. Ushauri wake, ambao ninaufuata, ni kwamba kamera hiyo itumike kuonyesha duka, na kitambaa kipigwe kwa kamera kuu peke yake.